Nusu Kidonge: Historia ya Dawa ya Mtoto Ufukweni mwa Tanganyika

Kwa zaidi ya miaka mia moja, mtoto wa Kigoma aliyeshikwa na homa alipewa dawa ya mtu mzima iliyopunguzwa. Kidonge kilikatwa kwa kisu, kikasagwa kati ya vijiko viwili, kikakorogwa kwenye maji, halafu mama akaachiwa kazi iliyobaki: kumpakata mtoto, kumfungua kinywa, na kuhakikisha uchungu ule umeshuka tumboni na kutulia. Waliovumbua dawa tunawajua kwa majina. Kazi ile iliyobaki haikuandikwa sana, ingawa bila yake sanduku zima la dawa lilikuwa bure. Nataka kuisimulia historia hii kutoka upande wa kinywa cha mtoto, na nitaanzia Ujiji, mwendo mfupi kusini mwa Kibirizi, mwalo wa Kigoma yanakotoka maboti, kwa sababu huko ndiko habari za kidonge cha homa zilikoanza kuandikwa katika mwambao huu.

David Livingstone alifika Ujiji Machi 1869 akiwa hoi, amebebwa, kifua kimembana. Miaka miwili kabla yake, Januari 1867, watu wa msafara wake walikuwa wametoroka na mizigo, na katika mizigo hiyo lilimo sanduku la dawa. Aliandika kwamba siku ile alijiona kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa kifo. Dawa nyingine zilizoagizwa kwa ajili yake zilikuwa zimeachwa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo, safari ya siku nyingi kwa miguu. Kidonge alichokiamini kilikuwa mchanganyiko wa kwinini, chumvi ya zebaki na mizizi ya kuharisha, na ukali wake ulimtosha mwanamume mzima. Lakini Livingstone alikuwa pia baba. Mwaka 1850, alipoipeleka familia yake Ziwa Ngami, watoto wake Thomas na Agnes walishikwa na homa kali huko huko ziwani. Naukumbuka mkasa huo kila ninaposoma habari za Ujiji, kwa sababu vitabu vinamsimulia mpelelezi, mkutano wake na Stanley wa 1871 na mwembe wake, na kumwacha nyuma mzazi aliyewauguza wanawe porini.

Wenyeji wa mwambao hawakukaa wakiyasubiri masanduku ya Wazungu. Wajiji, Waha, Wabembe na Wamanyema walikuwa na mitishamba yao, na kwa watoto wachanga sehemu kubwa ya tiba ilipita nje ya kinywa: kuogeshwa kwa maji ya majani, kufukizwa, kupakwa, kuchanjwa chale. Sisemi kwamba tiba zote hizo ziliponya malaria. Nasema tu kwamba wazee waliuona mapema ugumu ambao viwanda vilichelewa kuuona, kwamba mtoto mdogo hakubali kumeza kichungu, na ukimlazimisha atakitema au kitampalia.

Mtu aliyekaa muda mrefu kuliko wote katika mpaka kati ya maarifa hayo mawili alikuwa Adrien Atiman. Alizaliwa karibu mwaka 1866 upande wa Mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto alitekwa na kuuzwa, akavushwa jangwa la Sahara, na huko Algeria akakombolewa na Mapadri Weupe. Wakampeleka Malta kusomea udaktari. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye ukingo huu huu wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kigoma, na hakuhama tena. Alioa binti wa huko, akafundisha dini, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67 ya wagonjwa katika kituo kimoja. Alitumia dawa zilizoletwa na misheni pamoja na maarifa ya mitishamba aliyoyapata kwa wenyeji. Waliokuwa watoto alipofika walimletea watoto wao, kisha wajukuu wao. Nchi imemsahau mno mtu huyu. Tunaijua kwa undani meli ya Liemba, iliyoanza safari zake ziwani kwa jina la Graf von Götzen wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa tena, lakini mtoto mtumwa aliyegeuka daktari wa ziwa lilelile hatajwi mashuleni.

Wakati Atiman akifanya kazi Karema, wataalamu wa Ulaya walikuwa wameanza kuutambua uzito wa damu ya mtoto katika habari za malaria. Robert Koch, aliyekuwa amefanya utafiti Dar es Salaam mwaka 1897 na 1898, alikwenda New Guinea na kuonyesha kwamba katika vijiji vyenye malaria, watoto wadogo ndio wanaobeba vimelea kwa wingi. Kuanzia mwaka 1901 serikali ya Kijerumani ikaendesha Dar es Salaam kampeni ya kupima damu za watu na kugawa kwinini. Italia nayo, katika miaka hiyo hiyo, ilikuwa ikipambana na malaria ya mabonde yake, na huko kukatengenezwa chokoleti ndogo zenye kwinini kwa ajili ya watoto. Tazama tofauti ya fikra. Mahali pamoja mtoto anahesabiwa kuwa ghala la vimelea linalopaswa kusafishwa, na mahali pengine kuna mtu aliyekaa akawaza mtoto huyu atamezaje.

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoikata koloni na bahari, kwinini ilianza kwisha. Wajerumani wakachemsha magome ya msinkona, mti wa kwinini waliokuwa wameupanda Usambara, wakapata maji machungu ambayo askari waliyaita pombe ya Lettow kwa jina la kamanda wao. Hata wanaume waliokwisha kuzoea shida za vita walilalamikia ladha yake. Mwishoni mwa Julai 1916 Wabelgiji waliingia Kigoma, baadaye nchi ikawa chini ya Waingereza, na kwinini ikabaki kuwa kwinini.

Klorokwini iliundwa Ujerumani mwaka 1934 na mkemia Hans Andersag, lakini ilienea duniani baada ya Vita ya Pili. Ilikuwa rahisi, ilishusha homa upesi, na kwa miaka mingi iliokoa watoto wasiohesabika. Ilikuwa pia chungu kupita kiasi, na Waafrika wengi iliwawasha mwili mzima hata wakakosa usingizi. Mtoto aliyepewa mara moja aliukumbuka uchungu ule, na mara ya pili alilia kabla kijiko hakijafika mdomoni.

Huku ziwani, mwaka 1960 ulileta kisa ambacho nakipenda kwa ajili ya mtu wake wa pembeni. Tarehe 14 Julai, Jane Goodall alishuka Gombe, kaskazini mwa Kigoma, huko huko yanakopita maboti ya abiria yanayong'oa nanga Kibirizi kwenda vijiji vya mpakani. Hakuwa peke yake. Wakuu wa serikali ya kikoloni walikataa binti huyo akae porini bila mwenzake, kwa hiyo alifuatana na mama yake, Vanne Morris-Goodall. Binti alipokuwa akipanda milimani kuwatafuta sokwe, mama alifungua kituo kidogo cha tiba ufukweni, kwa dawa alizopewa na kaka yake aliyekuwa daktari wa upasuaji. Wavuvi wa dagaa na familia zao wakawa wanamjia. Alikuwa na asprini, bendeji na maji ya chumvi, na kwa maji hayo tu, yakidondoshwa polepole kwa saa nyingi juu ya kidonda ndugu, aliponya vidonda vilivyokuwa vimekaa miezi. Hakuwa daktari wala nesi. Alikuwa na subira, na subira ndiyo iliyoivuta foleni.

Na wao wenyewe waliugua. Daktari mmoja mjini alikuwa amewaambia kwamba eneo lile halina malaria, kwa hiyo hawakubeba dawa yake. Mama na binti walilala hemani na homa kali kwa siku nyingi, Vanne akiwa karibu kufa, bila hata kidonge kimoja cha klorokwini, hali Kigoma iko pale pale, mwendo mfupi wa boti.

Miaka sita baadaye, mwaka 1966, ugonjwa wa kupooza uliozuka kwa watu wa mkoa ulionekana pia kwa sokwe. Mmoja wa wa kwanza kuugua alikuwa mtoto mchanga wa sokwe jike aliyeitwa Olly. Viungo vyake vililegea na akafa. Sokwe wengine walipooza mkono au miguu. Goodall akapata chanjo ya matone kutoka Nairobi, na kwa kuwa hakuna awezaye kumshika sokwe wa porini na kumfungua mdomo, matone yakatiwa ndani ya ndizi. Ilibidi kuhesabu nani amekula ngapi, kuwazuia wakubwa wasinyang'anye fungu la wadogo, na kurudia tena kwa miezi. Sitaki kumlinganisha mtoto wa mtu na mnyama. Lakini kwa mnyama asiyeweza kulazimishwa, wanasayansi walifikiria mara moja utamu, chakula na hiari. Watoto wa vijiji vilivyopakana na msitu huo waliendelea kusagiwa klorokwini.

Kulikuwa na sababu, na si ya ubaya wa moyo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati ziliongezeka vijijini kwa kasi, na kuanzia mwaka 1983 mpango wa taifa wa dawa muhimu, kwa msaada wa UNICEF na Denmark, ulipeleka masanduku ya dawa yaliyofungwa tayari hadi zahanati za mbali. Sanduku la namna hiyo, likisafirishwa kwa treni ya Reli ya Kati, kisha lori, kisha boti, linataka kitu kikavu na chepesi kisichovunjika. Dawa ya maji iko kwenye chupa, ni nzito, inamwagika, na nyingine zikishakorogwa huharibika ndani ya siku chache. Zile za unga zinataka maji safi ya kupimwa sawasawa, na chumba cha mhudumu hakina bomba. Kidonge kikashinda kwa sababu kilifika salama. Gharama ya ushindi huo ikalipwa jikoni, pale mama alipokadiria nusu kwa jicho, au robo, ya kidonge kilichokatika vipande visivyolingana. Unga mwingine ulibaki kwenye kijiko, mwingine kwenye kidevu cha mtoto. Nani angejua mtoto amepata kiasi gani hasa?

Kufikia mwisho wa karne vimelea vilikuwa vimeizoea klorokwini. Agosti 2001 Tanzania iliiacha na kuchukua SP, ile ambayo watu waliijua zaidi kwa majina ya madukani, Fansidar na wenzake. SP ilitolewa mara moja tu, na hilo wazazi walilishukuru. Lakini haikushusha homa upesi kama klorokwini. Mtoto alipewa asubuhi na jioni bado anawaka, na wengi wakaamini dawa haifanyi kazi au ni kali mno kwa mtoto. Nayo haikudumu. Mwishoni mwa mwaka 2006 ikaja dawa mseto, ALu: artemeta, inayotokana na pakanga ya Kichina ambayo nguvu yake ilibainishwa na Tu Youyou na wenzake miaka ya 1970, pamoja na lumefantrini. Mseto uliponya vizuri sana. Ila sasa vilikuwa vipimo sita kwa siku tatu, vya vidonge vichungu vilevile vya kusaga.

Hapo ndipo jambo jipya lilipotokea, na lilitokea Tanzania. Kampuni ya Novartis na shirika la MMV linalotafuta dawa za malaria waliamua kutengeneza mseto wa kuyeyuka kwenye maji kwa ajili ya watoto, na kabla ya kuchagua ladha wakawauliza watoto wenyewe. Katika utafiti ulioshirikisha wanasayansi wa Taasisi ya Afya Ifakara, wanafunzi wa shule wa Kitanzania, wa miaka 7 hadi 10, wote wazima wa afya, walionjeshwa dawa yenye ladha tatu: stroberi, chungwa na cheri. Walisukutua kidogo, wakatema, kisha wakaonyesha kwenye kipimo walivyoipenda. Tofauti hazikuwa kubwa, ila cheri ndiyo iliyochaguliwa, tunda ambalo hulikuti katika soko la Kibirizi wala la Kigoma mjini.

Mwaka 2008 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio kubwa lililoongozwa na Dk. Salim Abdulla wa Ifakara. Watoto 899 wa Tanzania, Kenya, Msumbiji, Mali na Benin waligawanywa makundi mawili: wengine walipewa kidonge cha kawaida kilichosagwa, wengine kile cha kuyeyuka. Baada ya siku 28, waliopona walikuwa asilimia 98.5 kwa kilichosagwa na 97.8 kwa kile kipya. Kwa maneno mengine, utamu haukuipunguzia dawa nguvu yake. Mwaka 2009 kikaanza kusambazwa kwa jina la Coartem Dispersible, kwenye vifungashio vyenye picha kwa ajili ya mzazi asiyesoma, na rangi tofauti kwa uzito tofauti wa mtoto. Mtoto wa kilo 5 hadi chini ya 15 hupewa kidonge kimoja kizima kila mara. Kisu na kukadiria kwa jicho vikakosa kazi. Ninaposoma makala hayo ya kitaalamu, yaliyojaa asilimia na majedwali, huwa nasimama pale panaposema watoto walionja na kutoa maoni yao. Tangu siku za lile sanduku lililopotea mwaka 1867 ilikuwa imepita karne moja na nusu kasoro miaka michache.

Lakini kuna mtoto ambaye hata cheri haimsaidii, naye ni yule aliyefikwa na degedege. Macho yamegeuka, meno yamekaza, viungo vinatetemeka. Katika sehemu nyingi za Tanzania degedege lilihesabiwa kuwa ugonjwa wa peke yake, wenye asili ya pepo au ndege wa usiku, na walioamini hivyo waliogopa kumpeleka mtoto hospitali, wakihofu kwamba sindano ingemuua. Walimkimbiza kwanza kwa mganga, akafukizwa. Sioni haki kuwacheka wazazi hao. Mtoto aliyechelewa kufikishwa hospitali mara nyingi alifia mikononi mwa nesi baada ya sindano, na familia iliyoona hivyo mara mbili ilikuwa na sababu yake ya kuogopa. Kwa mtoto wa namna hii kinywa kimefungwa kabisa; kumtia kijiko cha dawa ni kumzamisha. Jibu lilitafutwa katika njia nyingine ya mwili. Jaribio lililofanyika vijijini Tanzania, Ghana na Bangladesh, na kuchapishwa mwaka 2009, lilimpa mtoto wa aina hiyo dawa ya artesuneti kwa njia ya haja kubwa, papo hapo kijijini, kabla ya safari ya hospitali. Kwa waliokuwa mbali, ambao safari iliwachukua saa nyingi, dawa hiyo ilipunguza vifo na ulemavu wa kudumu. Fikiria mama wa kijiji kisicho na barabara, anayesubiri boti la kwenda Kibirizi ili afike Hospitali ya Maweni, na ziwa limechafuka. Saa hizo ndizo zinazoamua.

Mei 2015 ziwa lenyewe ndilo lililoleta wagonjwa. Machafuko ya Burundi yaliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga, kijiji cha Tanzania kilichobanwa kati ya mlima na maji karibu kabisa na mpaka. Vyoo havikutosha, watu wakanywa maji ya ziwa, kipindupindu kikalipuka. Liemba, iliyokuwa na zaidi ya miaka mia tangu iundwe, ilipiga safari baada ya safari ikibeba mamia ya watu hadi Kigoma. Wakapokelewa Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wakapelekwa kambi ya Nyarugusu. Kufikia wiki ya tatu ya mwezi huo Umoja wa Mataifa ulitangaza wagonjwa wapatao 3,000 na vifo 31, wawili kati yao wakiwa wenyeji wa Tanzania.

Dawa iliyookoa wengi haikuwa kidonge wala dripu, ingawa wenye hali mbaya zaidi walihitaji dripu. Ilikuwa maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo maalumu, ORS. Siri yake ni kwamba sukari hufungua mlango wa utumbo ambao chumvi na maji hupitia pamoja, hata kipindupindu kinapoendelea kuunguruma tumboni. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi wa Bangladesh waliokimbilia India, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuwakabidhi ndugu wa wagonjwa ndoo za maji hayo na vikombe. Vifo vilivyokuwa vikifika asilimia 30 vikashuka chini ya 4. Dawa ikahamia mikononi mwa mama, na tangu hapo haijatoka.

Kwa mtoto mdogo ORS ni kazi ya kijiko. Ukimpa kikombe kizima anakinywa kwa kiu na kukitapika chote. Anapewa kijiko kimoja, unasubiri kidogo, kingine, unasubiri, usiku kucha ikibidi. Akitapika unamwacha dakika kumi, halafu unaanza tena, polepole kuliko mwanzo. Kisha zinki kwa siku kumi, kidonge kinachoyeyuka kwenye maji kidogo au maziwa ya mama, hata kuhara kukishakoma. Hakuna mashine inayoifanya kazi hiyo. Anaifanya aliyempakata mtoto.

Utamu una hatari zake, na historia imezilipia. Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuwarahisishia watoto na watu wazima dawa ya salfa, ikaiyeyusha katika kimiminika kitamu chenye ladha ya rasiberi. Kimiminika hicho kilikuwa sumu ya figo, na zaidi ya watu 100 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Sumu ya jamii hiyo ilirudi mwaka 2022 ndani ya dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto wapatao 70 nchini Gambia. Asprini ya watoto yenye ladha ya chungwa nayo iliwafanya watoto wengi wa Marekani kumeza chupa nzima, mpaka vifuniko visivyofunguka kirahisi vikawekwa kwa sheria mwaka 1970. Kwa hiyo mzazi anayemwambia mtoto kwamba dawa ni pipi anamtegea mtego mwenyewe. Mwambie ni dawa, na kwamba hii si chungu. Na dawa ya maji isiyo na jina la mtengenezaji, inayouzwa kwenye meza ya sokoni karibu na dagaa, iache hapo hapo mezani.

Katika nyumba za Kibirizi mbinu za kumpa mtoto dawa zimerithishwa, nyingine njema, nyingine si za kurithi. Kumbana pua ili afungue kinywa ni moja ya zile za kuacha. Mtoto anayelia kwa nguvu huvuta pumzi kwa nguvu, na kilichomo kinywani kinaweza kwenda mapafuni. Kumlaza chali ni vilevile. Mtoto akae wima kidogo mapajani, kichwa kikiegemea mkono, na dawa iingie kidogo kidogo upande wa ndani wa shavu, kwa kijiko au kwa bomba lisilo na sindano. Usiitie dawa kwenye bakuli zima la uji. Asipomaliza uji hujui amekunywa dawa kiasi gani, na kesho ataukataa hata uji wenyewe. Uji uje baada yake. Kwa mseto uji huo una faida ya pili, kwani lumefantrini hunyonywa vizuri zaidi ikiambatana na mafuta. Mkoa wa Kigoma haukosi mafuta hayo: tone la mawese kwenye uji, au maziwa, linatosha, na mtoto anayenyonya anyonyeshwe mara baada ya dawa. Akitapika kabla ya saa moja kupita, kipimo kirudiwe, na zahanati waambiwe ili vidonge visipungue.

Kazi ngumu kuliko zote ni siku ya tatu. Siku ya kwanza mtoto ana homa, mzazi ana hofu, na dawa inapewa kwa saa yake: ya kwanza, kisha ya pili baada ya saa nane. Siku ya pili homa imeshuka. Siku ya tatu mtoto anakimbia ufukweni kati ya mitumbwi na vichanja vya dagaa, na vidonge viwili vilivyobaki vinaonekana kama akiba. Vinafungwa kwenye karatasi na kuwekwa juu ya kabati, kwa ajili ya homa ijayo au ya mdogo wake. Naielewa hesabu hiyo kwa mtu ambaye nauli ya kwenda na kurudi zahanati ni chakula cha siku. Lakini artemeta hufanya kazi upesi na kutoka mwilini upesi. Vimelea vilivyosalia vinamaliziwa na lumefantrini, na mtoto asipomaliza vidonge vyake ugonjwa unaweza kurudi baada ya wiki chache. Muuzaji wa duka la dawa muhimu, aina ya maduka yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, ana nafasi kubwa hapa kuliko daktari yeyote, kwa sababu ndiye anayeonana na mama mara kwa mara. Akitumia dakika mbili kumwonyesha vidonge vyote sita na saa za kila kimoja, amefanya kazi ya tiba.

Wachanga wa chini ya kilo 5 walibaki nje ya mafanikio haya kwa miaka kumi na sita. Dawa ya watoto ilikuwa imepimwa kwa waliowazidi, na mhudumu aliyeletewa mtoto wa mwezi mmoja mwenye malaria alilazimika kukadiria, akihofia kuzidisha. Julai 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha mseto uliotengenezwa kwa ajili yao, kuanzia kilo 2, wenye vipimo vilivyobadilishwa kuendana na maini machanga. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi nane za Afrika zilizoshiriki kuutathmini, pamoja na Kenya na Uganda. Una ladha ileile ya cheri waliyoionja wanafunzi wa Kitanzania, na unayeyuka hata katika maziwa ya mama. Sasa kazi ni kuufikisha katika zahanati za mwambao, kuanzia Mwamgongo hadi Kagunga, ambako bado dawa husafiri kwa boti.